Landrova Iliyodonolewa na Kuku

Landrova ya Josephati iliibwa Jumapili asubuhi, mwenyewe akiwa kanisani, benchi la mbele, mikono kifuani.

Aliporudi nyumbani kwake Karatu alikuta uwanja mtupu. Hata koti hakuvua. Alikwenda kituo cha polisi mbiombio, akafika anahema na kugonga kaunta kwa kiganja.

Inspekta Moloimet alikuwa akinywa chai. Alikuwa mtu mrefu, mwenye masikio yaliyotogwa tangu utotoni kule Malambo. Kazi ya polisi ilikuwa imemzungusha Tabora, Lindi mpaka Bukoba, na ndiyo kwanza arudishwe karibu na kwao. Tangu aripoti Karatu, mwaka huo wa 1976, kesi zake zilikuwa za mbuzi na magunia ya ngano. Wizi wa gari! Aliweka kikombe chini kwa furaha aliyojitahidi kuificha.

"Gari aina gani?"

"Landrova, afande. Ya zamani, lakini mwendo wake kama mpya."

"Rangi?"

"Bluu. Bluu iliyoiva. Nimeipaka majuzi tu."

"Uliinunua wapi?"

Josephati alikohoa. "Huko... Arusha."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu tu. Afande, mwizi anatokomea, sisi tumekaa tunaulizana historia!"

Moloimet alivaa kofia, wakaenda kwenye eneo la tukio.

Uwanja ule ulikuwa na mteremko kuelekea barabarani. Inspekta alichuchumaa. Alama za matairi zilikuwa zimenyooka, na nyuma yake kulikuwa na nyayo nyingi, zimechimba ardhi kwa ncha za vidole. Nyayo ndogo, nyingine za kandambili, nyingine za miguu mitupu.

"Gari halikuwashwa hapa," alisema. "Lilisukumwa. Na waliosukuma ni wanawake."

"Wanawake?" Josephati alicheka. "Wanawake waibe gari?"

"Ufunguo uko wapi?"

"Huu hapa mfukoni."

"Mlango haukuvunjwa, hakuna kipande cha kioo chini. Ufunguo wa pili anao nani?"

"Sikupewa wa pili."

Moloimet alimtazama kidogo, kisha akatazama kando. Penye alama ya gurudumu la nyuma, kuku mmoja mweupe alikuwa anadonoa kitu kwa bidii. Inspekta alimfukuza, kuku akarudi. Alimfukuza tena, akaokota alichokuwa anakila. Kilikuwa kibonge kigumu cha ukubwa wa kiganja, upande mmoja bluu inayong'aa, upande mwingine cheupe. Alikinusa. Akakivunja kwa kucha, akaonja.

"Ngano," alisema.

Josephati aligeuza uso.

"Swali moja la mwisho. Leo kanisani hukuona jambo lolote lisilo la kawaida?"

"Hakuna. Ila kwaya ilikuwa mbovu ajabu. Sauti ya kwanza haikusikika kabisa."

Inspekta alifunga kile kibonge kwenye leso kama kielelezo, akapanda gari la polisi. Njiani alijikuta anatabasamu peke yake.

Mpaka rangi wa bei rahisi hakuwa na ugumu wa kupatikana. Mji mzima ulimjua: Inosenti, kijana wa Babati aliyehamia mwaka huo huo, mwenye kibanda nyuma ya mashine ya kusaga. Kila kilichokuwa karibu naye, kuanzia mlango hadi ndoo ya maji, kilikuwa na madoa ya bluu.

"Wewe ndiye uliyepaka Landrova ya Josephati?"

"Mimi, afande. Imependeza, sivyo?"

"Ulipaka kwa kifaa gani?"

"Kwa bomba la dawa ya mbu. Ukilipiga vizuri, linatoa rangi laini kuliko brashi. Rangi yenyewe ni masalio ya rangi za madirisha, niliyachanganya."

Moloimet alifungua leso. "Na hii?"

Inosenti alikitazama kile kibonge, macho yakamkimbia. "Hiyo ni putti, ya kuzibia matundu ya bodi."

"Nimeionja."

"Basi ni unga wa ngano, afande." Alishusha sauti. "Na vumbi la mbao, na gundi kidogo. Mwenyewe alisema anataka rahisi. Putti ya kweli mpaka uagize Arusha."

"Uliziba nini?"

"Tundu. Liko ubavuni, kulia, kubwa kama limetobolewa na pembe. Mtu alikuwa amelifunika kwa kipande cha debe, kazi nzuri, misumari imepangwa vizuri. Ndugu Josephati akasema bandua debe, ziba, lisijulikane kabisa kwamba palikuwa na tundu. Nikamwambia, basi tukwangue na rangi ya zamani, la sivyo hii mpya itabanduka. Akakataa. Alitaka liishe siku hiyo hiyo, tena nyuma ya nyumba."

"Rangi ya zamani ilikuwa gani?"

"Ya maziwa."

Inspekta alimshukuru. Alipokuwa anaondoka, Inosenti alimfuata hadi garini. "Afande, na hili lenu limechakaa. Nikupigie?"

"Asante. Wenzangu wana njaa sana, watalila."

Siku ya pili, Mto wa Mbu walijibu kwa redio kwamba hakuna Landrova ya bluu iliyopita kushuka. Mbulu nao wakajibu vivyo hivyo. Ilibaki njia moja tu, ya kupanda Ngorongoro. Moloimet akaendesha hadi lango la Lodoare, ambako ukungu ulikuwa umelalia msitu na askari wa hifadhi aitwaye Tajewo alikuwa anaota moto, mkono mmoja ameuficha mfukoni.

"Bluu? Haijapita, Ndugu Inspekta. Ingepita ningeiona."

"Mkono una nini?"

Tajewo aliutoa shingo upande. Kiganja kilikuwa chekundu mpaka kwenye kifundo. "Jana imepita Landrova nyekundu. Nimeegemea mlangoni kuzungumza na dereva, mkono ukabaki hivi. Nimeosha kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majivu! Mke wangu ananiuliza nimechinja nini."

"Dereva nani?"

"Mama mmoja wa makamo, mpole. Nyuma wamejaa akina mama wa kanisa, mikono yote myekundu kama yangu. Wakaniambia wanakwenda kuimba Nainokanoka. Na wanaimba, wale! Sauti nyembamba mpaka nywele zinasimama."

"Sauti ya kwanza," alisema Moloimet.

"Ehe?"

"Lete huo mkono."

Alikinusa kile kiganja. Akanusa tena, taratibu. Ilikuwa harufu ya udongo mwekundu, olkaria, uliokandwa kwa mafuta ya ng'ombe. Kwa nukta chache hakuwa polisi. Alikuwa morani wa Malambo, bega kwa bega na wenzake wa rika, vichwa vyao vyekundu juani. Miaka mingapi ilikuwa imepita tangu anuse kitu kile? Alimrudishia Tajewo mkono wake.

"Tumia samli," alimshauri. "Itatoka."

Nainokanoka hakuhitaji kuuliza. Nje ya boma la kwanza juu ya kilima alikuta ndama watano wamezunguka kitu, mikia inapepea, wanakilamba kwa raha zao. Kitu chenyewe kilikuwa Landrova. Walipoilamba palikuwa pamebaki bluu.

Mwanamke mwenye shanga nyeupe shingoni alitoka bomani. Moloimet alimsalimu kwa Kimaasai.

"Takwenya."

"Iko," aliitikia. Alimtazama masikio, kisha vyeo begani. "Mimi ni Nashipai. Umekuja kwa ajili ya gari. Mwenye gari yuko ndani anakunywa chai."

Mwenye gari hakukimbia. Alitoka na kikombe mkononi, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, kucha nyekundu.

"Jina lako, mama?"

"Lukresia. Naishi Endamarariek."

"Uliichukua wewe Landrova hii?"

"Niliichukua."

"Pamoja na nani?"

"Na kwaya. Sauti ya kwanza wote. Wao wamerudi leo asubuhi kwa lori la magogo, na usiwasumbue, wazo lilikuwa langu."

"Wizi wa gari ni kosa kubwa, mama."

"Najua. Mwizi hukuja naye?"

Moloimet alivua kofia. Alichota mafuta ya taa kwenye galoni la akiba, akalowesha kitambaa, akafuta ubavu wa gari. Wekundu uliyeyuka kama siagi, bluu ikatokeza. Aliingiza ukucha chini ya ile bluu, akavuta. Ikabanduka kipande kirefu, na chini yake palikuwa na rangi ya maziwa, safi, imetulia. Karibu na gurudumu la nyuma palikuwa na tundu, na pembezoni mwake mstari wa vitundu vidogo vya misumari.

"Tundu hili lilitokana na nini?"

Aliyejibu ni Nashipai. "Kifaru. Nilishikwa na uchungu humu humu bomani, mvua inanyesha. Tluway, mume wa huyu, alikuwa anapita na mahindi yake. Akashusha magunia yote njiani, akanipakia. Kule chini kifaru akatupiga ubavuni. Tluway hakusimama. Binti yangu Seenoi alizaliwa ndani ya gari hili, kabla hatujaona hospitali. Muulize mtu yeyote wa huku juu habari ya tundu hili."

"Na huyo Tluway yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka jana," alisema Lukresia. "Baada ya msiba shemeji akaja. Akasema gari linaharibika kwa kukaa, alipeleke Arusha kwa fundi. Nikampa ufunguo mmoja. Akarudi kwa miguu. Akaniambia, shemeji, limekufa, nimeliuza kama chuma chakavu. Nililia, afande. Nililia kama nimefiwa mara ya pili."

"Shemeji yako ni nani?"

"Josephati."

Ndama mmoja alikohoa. Inspekta alimsogeza, akamfanyia ishara mama aendelee.

"Siku ya mnada uliopita nilikuwa Karatu nauza vitunguu. Nikaona Landrova ya bluu imesimama, na kuku anaidonoa ubavuni. Nikashangaa, kuku gani anakula gari? Nikasogea. Mvua ilikuwa imeulainisha ule unga, tundu linachungulia. Nikalijua tundu langu. Nikatia mkono ndani, nikagusa kiti alichokishona mume wangu kwa ngozi ya mbuzi."

"Kwa nini hukuja kituoni?"

"Nije niseme nini? Mimi mjane wa Endamarariek, yeye mfanyabiashara wa Karatu, na gari ni bluu. Nilitaka kwanza liwe mkononi mwangu, kisha tuzungumze. Ufunguo wa pili ninao tangu mume wangu yuko hai."

"Na wekundu?"

Hapo Lukresia alicheka kwa mara ya kwanza. "Yeye angetafuta bluu. Rangi ya dukani sina uwezo nayo. Nashipai alikuwa ameshanitumia debe la udongo na mafuta, tukasimama kwenye mashamba ya kahawa, tukalipaka kwa viganja. Kabla wimbo haujaisha likawa jekundu lote."

"Ndama ndio sikuwafikiria," alisema Nashipai.

Jioni hiyo Landrova ilisimama mbele ya kituo ikiwa na rangi tatu. Josephati alitoka mbio kuipokea, akaona aliyekuwa kwenye usukani, akasimama.

"Shikamoo, shemeji," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba," alijibu Lukresia.

Ndani, Moloimet aliweka kibonge cha unga mezani. Kando yake akaweka ule ukanda wa bluu alioubandua garini.

"Umesema uliinunua Arusha."

Josephati aliutazama ule ukanda, akahamishia macho sakafuni.

"Josephati, umetoa taarifa ya uongo kwa polisi. Umemdanganya mjane wa kaka yako. Fundi wako ameshazungumza. Kuku wako naye ameshazungumza. Ulifanya hivi kwa sababu gani? Biashara yako inakwenda, ungeweza kumwomba mama huyu mkae naye mwelewane."

Josephati alikaa. Uso wake mpana uliporomoka kama wa mtoto.

"Afande, hukumjua kaka. Akipita na gari lile, kuanzia Endamarariek mpaka juu huko, watu wanaacha majembe. Wanapunga mikono. Watoto wanakimbia kando ya barabara. Mimi nakaa pembeni yake, naona wanampungia yeye. Nikawa najiambia, siku nikishika usukani ule, watanipungia na mimi." Alijifuta jasho. "Lakini lingebaki rangi ile wangeuliza, mbona unaendesha gari la mjane? Ndiyo nikalibadilisha. Nimeliendesha huku na huku, bluu, linang'aa. Hakuna aliyenyanyua hata kidole. Hakuna aliyelijua."

Moloimet alimgeukia Lukresia. "Mama, wewe ndiye mlalamikaji sasa. Ukisema apelekwe mahakamani, kesho anakwenda Arusha."

Lukresia alimtazama shemeji yake muda mrefu. Alikuwa na hasira, na Moloimet aliiona, imekaa kwenye taya. Kisha akaweka ufunguo mezani, karibu na kile kibonge.

"Sitaki mahakama. Anibandulie bluu yote, kwa mkono wake, mpaka nione rangi ya mume wangu. Na aipigilie debe pale penye tundu. Asifanyie nyuma ya nyumba. Afanyie Endamarariek, kando ya barabara, mchana."

"Nimekubali, shemeji," alisema Josephati.

Kazi ilimchukua wiki nzima, maana bluu ya Inosenti, iliyobanduka kwa ukucha pale isipotakiwa, iling'ang'ania kila kona ilipotakiwa itoke. Josephati alikwangua kwa kisu, shati limemganda mgongoni. Siku ya mwisho Moloimet alipita kwa gari la polisi kutazama. Ubavu mzima wa Landrova ulikuwa umerudi rangi ya maziwa. Akina mama waliokuwa wanapalilia upande wa pili wa barabara waliinuka, wakaweka mikono juu ya macho kuzuia jua.

"Ni gari la Tluway!" mmoja alipiga kelele. "Jamani, limerudi!"

Wakaacha majembe. Wakapunga mikono, wote, kwa nguvu. Josephati aligeuka kutazama nyuma yake kama kuna mtu amesimama pale. Hakukuwa na mtu. Akahamisha kisu mkono wa kushoto, akanyanyua ule wa kulia, wenye vumbi la bluu mpaka kwenye kiwiko, akawapungia.