Twiga Aliyesimama Juu ya Tarehe

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kikombe chake cha chai, Mzee Nzau alisimama sebuleni kwake, Makadara, akatazama ukuta. Ukutani palikuwa na leseni ya udereva ya binti yake Ndinda. Ilikuwa kadi ndogo tu, lakini kila siku mzee aliishangaa upya, kana kwamba imeletwa jana.

Alikuwa na haki ya kushangaa. Katika ukoo wao wote, hakuna aliyewahi kuendesha hata trekta. Nzau mwenyewe alikuwa mchonga vinyago, na maisha yake yote alikwenda kwa miguu. Kisha Ndinda akafaulu mtihani wa udereva. Kadi ilipotoka, mchungaji aliiombea kanisani mbele ya watu wote. Nzau aliporudi nyumbani alichukua patasi, akachonga fremu ya mpingo. Alichonga kwa siku tisa. Juu aliweka maua, na chini akaweka twiga wawili warefu. Akaitia kadi ndani, akaifunika kwa kioo, akaziba kwa gundi.

"Hii haitaibwa mjini," alisema. "Itakaa hapa mpaka wajukuu waione."

Ndinda hakumbishia. Utambishiaje baba aliyekuchongea kwa siku tisa? Alipiga picha ya fremu kwa simu, akawa anatembea na hiyo picha.

Miaka ikapita. Jumamosi moja, Ndinda aliingia nyumbani mbio.

"Baba! Nimepata kazi! Kuendesha gari la mikate, kule mtaa wa Fedha. Naanza Jumatatu!"

"Binti yangu! Gari zima?"

"Gari zima, Baba. Lakini wamesema niende na leseni yenyewe. Picha hawataki."

"Basi uwabebee ukuta," Nzau alisema, na wote wawili wakacheka.

Kelele zile zilimleta Ayuma, jirani wa mlango wa pili. Ayuma alikuwa mwalimu wa udereva, na mitaa yote ya karibu ilimwita Mwalimu.

"Hongera, Ndinda! Umetutoa kimasomaso," alisema. "Na leseni yako inaisha lini?"

Ndinda aliitoa simu mfukoni. Nzau ndiye aliyeuliza, "Kwani leseni huisha?"

"Huisha, Mzee."

"Mimi nilidhani ukishafaulu umefaulu. Cheti changu cha ubatizo hakijaisha mpaka leo!"

Ayuma alicheka. "Ubatizo ni mara moja, Mzee. Leseni ina tarehe yake. Ikifika, ni lazima ihuishwe, yaani iongezewe muda. Ndinda, hebu angalia."

Ndinda alitazama picha kwenye simu. Jina lilionekana. Uso ulionekana. Tarehe ya mwisho haikuonekana. Wakausogelea ukuta wote watatu. Miguu ya twiga ilikuwa imesimama sawasawa juu ya ile tarehe.

Nzau aliishusha fremu, akaiweka mezani. Alitia ncha ya patasi kwenye gundi, akaipasua kazi yake mwenyewe. Ndinda akaichomoa kadi.

"Iliisha wiki tatu zilizopita," alisema kwa sauti ndogo. "Baba, na wiki jana nilikupeleka sokoni na vinyago vyako kwa pikapu ya kanisa."

"Sikilizeni," Ayuma alisema. "Kuendesha gari na leseni iliyoisha ni kosa. Polisi anaweza kukufikisha kortini. Na ukipata ajali, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa."

Nzau aliketi. Aliwakumbuka watoto wawili waliovuka barabara mbele ya ile pikapu, wameshikana mikono. Ndinda alikuwa amefunga breki vizuri, wakavuka salama. Hata hivyo, mzee alijiuliza ingekuwaje kama breki zingechelewa.

"Na kazi je?" Ndinda aliuliza. Macho yalimjaa machozi. "Nitarudia mtihani?"

"Hapana. Imeisha juzi tu. Unaihuisha tu."

"Mjini kuna mtu," Nzau alisema haraka. "Husimama nje ya ofisi za serikali. Anajua wakubwa, atatusaidia."

"Huyo achana naye, Mzee! Atakula pesa zako na akupe karatasi bandia. Ndinda, usimpe mtu yeyote neno lako la siri. Una akaunti ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali?"

"Ninayo. Ndiyo niliyoombea mtihani."

"Basi ifungue. Tafuta huduma za NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani, halafu leseni ya udereva, halafu kuhuisha. Soma polepole. Hakikisha jina na namba ya kitambulisho ni zako."

Ndinda alibonyeza, mzee akiinama juu ya bega lake.

"Wanauliza, mwaka mmoja au miaka mitatu?"

"Ni hiari yako. Ya miaka mitatu inakupunguzia usumbufu. Ada imeandikwa hapo hapo. Lipa kwa simu, kwa njia wanayokuonyesha, usimtumie mtu binafsi."

Ndinda alichagua miaka mitatu, akalipa. Wakangoja. Simu ikalia.

"Imekubali!" alipiga kelele.

"Imekwisha?" Nzau aliuliza. "Bila foleni? Mimi kitambulisho changu nilikipangia mstari siku mbili, na siku ya pili mvua ikaninyea!" Aliichukua simu kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama nyuma. "Mungu ni wa ajabu. Ofisi nzima imo humu?"

"Leo mtandao umetuhurumia," Ayuma alisema. "Siku nyingine husumbua. Kwa hiyo usingoje siku ya mwisho. Anza mwezi mmoja kabla. Sasa nenda saiba, kwenye duka la kompyuta, ukachapishe uthibitisho. Tembea nao pamoja na kadi yenyewe."

Jumatatu Ndinda alianza kazi. Jumatano polisi wa trafiki walimsimamisha Barabara ya Jogoo. Aliwapa kadi na karatasi. Wakakagua, wakamrudishia. "Endelea, dada," walimwambia.

Ijumaa gari la mikate liliingia mtaani. Mlango ukafunguka, akashuka Ndinda, funguo mkononi. Nzau alisimama mlangoni akimtazama. Miaka yote ile alikuwa ameishangaa kadi. Hakuwa amemwona mtoto wake akiwa kazini.

Siku hizi fremu imerudi ukutani. Mahali pa kadi pana kibao cha mpingo, nacho kimechongwa tarehe. Ni mwezi mmoja kabla ya leseni kuisha.

Wageni huuliza, "Mzee, mbona umetundika tarehe?"

"Leseni iko mfukoni mwa dereva," hujibu. "Kazi yangu mimi ni kumkumbusha."

Kisha hukichomoa kibao kwa kidole kimoja, awaonyeshe. Miaka mitatu ikipita atachonga kingine. Safari hii hakutia gundi.