Kopo Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi Loisi alifika nyumbani kwa Stara na kibuyu cha maziwa. Loisi, au Mama Ruthu, alikuwa Mgogo, mfugaji wa kijiji cha jirani na Kongwa. Stara aliuza mitumba mjini. Alipenda kusema kwamba babu yake alikuja na misafara ya pwani, na kwamba rangi yake si ya watu wa huku. Hata hivyo, wanawake hao walipatana sana. Walikwenda pamoja harusini na matangani.

Lakini nyuma ya mlango wa Stara palining'inia kopo la bati. Mama Ruthu akiomba maji, alipewa kwa kopo hilo. Bilauri zilikuwa za wenye nyumba na wageni wao. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono ya Mama Ruthu yalinywewa kwa bilauri hizo hizo kila siku, na hakuna aliyeona ajabu. Binadamu tuna mambo.

Siku moja jua lilikuwa kali, na Stara alikuwa dukani. Mama Ruthu alinyoosha mkono achukue bilauri mezani. Salwa, binti wa Stara, mtoto wa darasa la kwanza, akamzuia.

"Hiyo si yako," alisema. "Yako ni lile kopo. Wagogo wananywa kwa kopo."

Mama Ruthu hakunywa. Alimimina maziwa sufuriani, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

"Hasira za bure hizo," Stara alisema alipoelezwa na Salwa. "Mtoto anajua nini?"

Alisema hivyo, lakini moyo haukutulia. Rafiki kama yule hauzwi sokoni.

Jumamosi kikundi cha maigizo kilifika mjini. Bwana Batholomeo, afisa utamaduni, aliwaita watu uwanjani kwa ngoma. Stara alikwenda na Salwa.

Mchezo ulikuwa wa enzi za mradi wa karanga, Wazungu walipokuwa wakubwa wa Kongwa. Mwigizaji mmoja alivaa kofia pana, akawa memsahibu, bibi wa Kizungu. Yaya wake aliomba maji.

"Usiguse bilauri yangu," memsahibu alifoka. "Ninyi watu weusi mna kopo lenu. Liko nyuma ya mlango."

Watu wakazomea. Stara alizomea pia, kwa uchungu. Mama yake mzazi aliwahi kuwafulia nguo Wazungu wale.

Salwa akamvuta kanga. "Mama, kumbe Mzungu naye alikuwa na kopo kama letu."

Alisema kwa sauti. Waliokaa karibu wakageuka.

Pale mbele mwigizaji alivua kofia, akajitanda kanga, akawa mwanamke wa hapa mjini. Yaya akaomba maji tena.

"Usiguse bilauri yangu," akasema. "Ninyi Wagogo mna kopo lenu. Liko nyuma ya mlango."

Safari hii uwanja ulikuwa kimya. Bwana Batholomeo akasimama.

"Ndugu zangu, yule wa kwanza mlimzomea. Huyu mbona mmemnyamazia? Ukimdharau mtu kwa rangi yake au kabila lake, huo ni ubaguzi, hata kama ni rafiki yako. Na mtoto hangoji kufundishwa. Anatazama unachofanya."

"Nyani haoni kundule," mzee mmoja alinong'ona. Hakuna aliyecheka. Stara aliona aibu, aibu ya kweli.

Kesho yake asubuhi alimshika Salwa mkono wakaenda kijijini.

"Hodi, Mama Ruthu."

"Karibuni. Poleni na jua."

Kabla ya neno jingine, Mama Ruthu alichota maji kwa kata waliyokuwa wakinywea wanawe, akampa Stara. Stara aliipokea, machozi yakamtoka.

"Aliyekukosea si mtoto," alisema. "Ni mimi. Nisamehe."

Mama Ruthu alimketisha kwenye kigoda.

"Kopo nililizoea, Mama Salwa. Nilijiambia, ndivyo watu wa mjini walivyo. Lakini huyu amekua kwa maziwa yangu. Aliponiambia vile, nililia njia nzima."

Salwa alipiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Nimekusikia, mwanangu. Nitakuja. Ila kwa kopo lile sinywi tena."

"Hutakunywa," Stara alisema.

Mama Ruthu alirudi na kibuyu chake. Salwa alimletea maji kwa bilauri, akaishika kwa mikono miwili.

Kopo sasa liko dukani. Stara hulinywea maji yeye mwenyewe. Mteja akimuuliza mwenye duka anakosaje bilauri, humweleza habari yote, wala hajifichi.