Safari ya Kwanza ya Morisi

Kila Jumamosi asubuhi, Luciana alipomaliza kuchota maji na kufagia uwanja, alimshika mkono mdogo wake Adolfu wakaenda kwa mjomba wao. Mjomba Theodory alikuwa mwalimu pale Mollo, karibu na mji wa Sumbawanga. Asubuhi alifundisha, jioni alilima shamba la kijiji pamoja na wenzake, na nafasi yoyote iliyobaki aliitumia bandani kwenye gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa Morisi kuukuu. Bwana shamba mmoja aliliacha alipohama, na kwa miaka mingi kuku walitagia kwenye viti vyake. Mjomba alipoliomba, watu walimcheka. Miaka ile ya Ujamaa vipuri vilikuwa adimu hata Dar es Salaam, sembuse Ufipa. Lakini yeye hakuwa na haraka. Alinyoosha mabati kwa nyundo, akasafisha kabureta kwa mswaki, akashona viti upya kwa turubai. Luciana alikwangua kutu kwa msasa mpaka vidole vikamwuma.

"Mwalimu, hilo gari litakupeleka wapi?" majirani waliuliza.

"Halijaniambia," alijibu huku akikaza nati. "Napenda tu kuona kitu kilichokufa kikifufuka."

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, wakati upepo wa Ufipa unapokata masikio, injini iliwaka. Mjomba alikuwa amezungusha hendeli mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Injini ilikohoa, ikanyamaza, kisha ikanguruma. Adolfu alirukaruka akipiga makofi. Mjomba alivua kofia yake, macho yamemlowa.

Mara balozi wa nyumba kumi akamwita kutoka barabarani. Lori la mbolea ya kijiji lilikuwa limefika, na watu wa kupakua hawakutosha. Mjomba alisita. Akiizima injini, huenda isiwake tena.

"Luciana, niangalizie," alisema. "Msiguse chochote. Na milango ya banda ibaki wazi, umesikia?"

"Ndiyo, mjomba."

Hakumwambia kwa nini, naye Luciana hakuuliza.

Haukupita muda upepo ukazidi. Vumbi liliingia bandani kwa wingi, likaanza kutua juu ya boneti ambayo walikuwa wameipaka rangi asubuhi ile. Rangi ilikuwa bado mbichi. Luciana aliikumbuka kazi yote ya msasa, akamwona na Adolfu akitetemeka ndani ya kisweta chake. Akaivuta milango, akaifunga. Uwazi uliobaki chini akauziba kwa gunia.

Banda likapata joto. Adolfu alipanda kwenye kiti cha dereva, akashika usukani.

"Dada, tunakwenda ziwani Kipili kula samaki," alisema.

"Haya, twende."

Baada ya kitambo kichwa kilianza kumgonga Luciana. Alidhani ni kwa sababu aliamka mapema. Kisha moyo ukamchafuka.

"Adolfu, umefika Kipili?"

Adolfu hakujibu. Alikuwa ameinamia usukani kama aliyesinzia. Luciana alimtikisa, mkono wake ukaanguka kama kitambaa. Alitaka kumbeba, lakini miguu yake mwenyewe ilikuwa imelegea. Akaanguka, akatambaa mpaka mlangoni, akausukuma kwa bega. Mlango ulipofunguka, nusu ya mwili wake ilitoka nje. Hapo akapiga ukelele mmoja tu.

Mama Silvana, mke wa mjomba, aliusikia akiwa jikoni. Alitoka mbio, akamvuta Luciana nje kabisa, akafungua milango yote miwili, akamtoa Adolfu na kumlaza juu ya majani. Mtoto alipumua kwa shida. Macho hayakufunguka.

Mjomba alipofika, wala hakuuliza kilichotokea. Alilitazama gunia lililokuwa mlangoni, akaelewa. Lori la mbolea lilikuwa bado limejaa mzigo, na gari lingine halikuwepo. Basi akalitoa lile Morisi bandani. Milango ya gari ilikuwa bado haijapachikwa, hivyo upepo ulipita ndani bila kizuizi. Mama Silvana alimpakata Adolfu, na Luciana akaegemea bega lake. Watu waliokuwa wakilicheka gari lile walisimama kando ya barabara, wanaume wakavua kofia.

Katika hospitali ya mjini, Adolfu alivutishwa hewa kutoka kwenye mtungi. Luciana naye aliwekewa mtungi wake. Jua lilipokuwa likizama, Adolfu alifumbua macho, akaomba uji. Mjomba aligeukia ukutani akalia.

"Kosa ni langu, mjomba," Luciana alisema kwa sauti ndogo. "Uliniambia nisifunge."

"La, mama. Nilikuachia injini inayowaka, na sikukueleza hatari yake. Hili gari nitalitupa."

Nesi Atusaye, mwanamke kutoka Mbeya aliyekuwa akiwahudumia, aliweka chini bakuli la uji.

"Mwalimu, gari halina kosa, ndilo limewaleta hapa," alisema. "Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu. Jiko la mkaa lina sumu hiyohiyo. Kila msimu wa baridi tunaletewa watu waliolala na jiko chumbani, madirisha yamefungwa. Wengine hawaamki. Mtoto ukimpa amri bila sababu, ataivunja siku atakapoona ana sababu nzuri ya kuivunja. Na wewe, binti, ukikatazwa jambo usilolielewa, uliza. Kumwuliza mkubwa kwa heshima si utovu wa adabu. Kungewaokoa leo."

"Nimesikia, nesi," Luciana alijibu.

"Nami nimesikia," alisema mjomba.

Jumamosi iliyofuata mjomba aling'oa milango ya banda, akaiegemeza nyuma ya nyumba. Kabla hajagusa hendeli, aliwakalisha watoto kwenye gogo uwanjani, akaanza kuwaeleza kila kifaa kinafanya nini na kinaweza kuumiza vipi. Luciana aliuliza, akauliza tena, mpaka Mama Silvana akaita mara mbili kwamba ugali unapoa. Mjomba hakuinuka. Alijibu kila swali mpaka likaisha la mwisho.