Picha ya Hondohondo Akiwa Hewani

Nyumba yetu iko juu ya Mlalo, pale mashamba yanapokwisha na msitu unapoanza. Asubuhi nawasha moto, nabandika uji, nawafungulia kuku. Halafu natega kitendawili. Ndivyo tulivyozoea tangu nilipoolewa. Mume wangu Rajabu hagusi uji kabla ya kitendawili.

"Kitendawili!" nasema mimi.

"Tega!"

"Treni yangu inapita angani, lakini haina reli."

Hicho anakijua. Jibu lake ni hondohondo. Ni ndege mkubwa, mweusi, mwenye mdomo mnene ulioota kofia juu yake. Mabawa yake yanavuma. Ukiwa jikoni unamsikia kabla hujamwona. Kila asubuhi hutoka msituni, hupita juu ya paa letu, hushuka bondeni kula matunda ya mikuyu. Rajabu alikuwa akisimama uani na kikombe chake, anamsindikiza kwa macho mpaka apotee.

Tulipokuwa tunavuna kabichi, Rajabu aliteleza kwenye tuta, akavunjika mguu. Hospitali wakamfunga plasta ngumu. Siku ya kutoa plasta, daktari alimwambia, "Mzee, mfupa umeunga vizuri. Sasa utembee kila siku, hata kidogo kidogo. Ukilala tu, goti litakakamaa, halafu hutatembea tena."

"Nimesikia, daktari," alisema Rajabu.

Tukarudi nyumbani. Akalala.

"Baba Hamisi, amka utembee," namwambia.

"Kesho."

Kesho ikifika, anasema kesho. Nilijua sababu. Aliogopa kuanguka tena. Lakini mwanamume wa umri ule hatasema naogopa. Anasema kesho.

Hata vitendawili alichoka navyo. Nikitega, anageukia ukutani.

"Basi nipe mji," nikamwambia siku moja. Kwetu, anayeshindwa kitendawili humpa mwenzake mji.

"Chukua Mlalo," akajibu. "Ya nini tena? Mimi miguu sina."

Neno hilo lilinichoma. Mlalo ndiko alikokwenda kwa miguu kila Ijumaa, kuswali na kusikia habari za watu. Leo anaigawa kama ganda la ndizi.

Wakati huo mjukuu wetu Shamsa, anayefanya kazi Tanga, alitutembelea. Alikuwa amenunua kamera mpya, akaniachia ile aliyokuwa akiitumia. Ni zile ndogo za kisasa, hazina kioo cha ndani kama kamera kubwa za zamani. Ni nyepesi, inaingia kwenye mfuko wa kitenge.

"Bibi, mpige babu picha unitumie," alisema.

Mimi nikawaza jambo jingine. Kama Rajabu hawezi kumfuata hondohondo uani, nitamletea hondohondo kitandani. Akimwona vizuri, pengine moyo utamrudia.

Asubuhi nikasimama uani na kamera. Nikasubiri. Nikasikia mvumo. Ndege akatokea juu ya paa. Nikanyoosha mikono mbele, nikamtafuta kwenye kioo cha nyuma, simwoni. Nikakumbuka wapiga picha wa harusini wanavyofanya. Wanasema tulieni, wanahesabu, ndipo wanabonyeza.

"Tulia basi!" nikampigia kelele.

Hondohondo hakutulia. Alikuwa na safari yake.

Nilifanya hivyo asubuhi kadhaa, kisha nikampelekea Rajabu. Akaitazama picha ya kwanza.

"Hii nini?"

"Hondohondo."

"Mama Hamisi, huu ni moshi wa jiko lako."

Nikamwonyesha nyingine. "Na huu ni mkia wake."

"Mkia wa nani? Wa jogoo?" Akanirudishia kamera. "Umeipiga picha hewa."

Nilitoka nimenuna. Nikamkuta Klara mlangoni. Klara ni binti wa jirani zetu wa karibu na kanisa la Kilutheri. Kazi yake ni kuwatembeza wageni msituni, na yeye mwenyewe hupiga picha za ndege.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama aibu hii."

Klara akaziangalia picha zangu zote. Hakucheka, nikamshukuru kwa hilo. Aliuma mdomo tu.

"Bibi, kamera haina kosa, na wewe huna kosa. Umempiga ndege kama unavyompiga bibi harusi. Bibi harusi anakungoja. Ndege hakungoji."

"Sasa nifanyeje?"

"Ndani ya kamera kuna kitu kama kope ya jicho. Kinafunguka, mwanga unaingia, kinafumba. Kikichelewa kufumba, ndege ameshasogea. Ndiyo maana anatoka kama moshi."

"Basi kope ifanye haraka."

"Ndiyo hivyo. Geuza hili gurudumu la juu mpaka herufi S. Kamera nyingine zina herufi tofauti, lakini kazi ni moja. Hapo wewe ndiye unayeiamuru kope. Sasa weka hii, moja chini ya elfu mbili. Maana yake chukua sekunde moja, uikate vipande elfu mbili. Kope inafunguka kwa kipande kimoja tu."

"Loo! Sekunde yenyewe ndogo hivyo, uikate tena?"

"Ikate, bibi. Mabawa hayana subira."

Nikamuuliza, "Si picha itakuwa na giza? Asubuhi hapa kuna ukungu."

"Umeuliza vizuri. Kope ikiwahi kufumba, mwanga unaoingia ni mdogo. Kwa hiyo hapa, kwenye ISO, tunaiachia kamera iongeze yenyewe nguvu ya kunasa mwanga. Picha itakuwa na chengachenga kidogo. Usijali. Afadhali ndege mwenye chengachenga kuliko moshi."

Kisha akanionyesha mambo mengine mawili. La kwanza, tuliitengeneza kamera imfuate ndege anaposogea. Kabla ya hapo ilikuwa inapima umbali mara moja, halafu inaganda hapo hapo, na ndege ameshafika kwingine. La pili, tuliiambia ipige picha mfululizo. Ukishikilia kitufe, inapiga nyingi pamoja, nawe unachagua iliyo nzuri.

"Sasa mwili," alisema Klara. "Usinyooshe mikono. Weka viwiko kwenye mbavu. Elekeza miguu kule ndege atakakofika, si anakotoka. Geuka kwa kiuno. Na usimvute karibu mapema. Ukimvuta sana, unaona kipande kidogo tu cha anga nawe unampoteza. Mwanzo mwone mdogo, umfuate, ndipo umvute."

"Nibonyeze lini?"

"Huku unageuka. Usisimame ndipo ubonyeze. Ukisimama, yeye hasimami. Na ukishabonyeza, endelea kumfuata kidogo."

Tulianza na kuku. Klara akarusha mahindi, kuku wakatimka mbio, nami nikawafuata kwa kiuno. Kiuno kililia, lakini kikageuka. Picha za mwanzo zilikata vichwa. Baadaye nikampata jogoo, miguu yote miwili iko juu, shingo mbele, kama mtu anayekimbilia basi la Lushoto. Niliruka kwa furaha. Kisha kamera ikazimika mkononi mwangu.

"Betri," alisema Klara. "Hizi kamera ndogo zinakula betri kwa sababu kioo chake kinawaka muda wote. Chaji usiku. Ukipata betri ya pili, tembea nayo. Na asubuhi, ukisikia mvumo kwa mbali, bonyeza kitufe nusu. Kamera itaamka kabla ndege hajafika."

Kesho yake Klara alikuja mapema. Tukasimama uani. Mvumo ukaja, nikabonyeza nusu, kamera ikaamka. Ndege akatokea juu ya paa, nikageuka, nikashikilia kitufe. Tarararara!

Tukatazama. Moshi haukuwepo. Unyoya mmoja mmoja ulionekana. Lakini zote zilikuwa za mgongo na mkia. Hondohondo alikuwa ameshatupita.

"Paa linamficha," alisema Klara. "Anakutokea ghafla. Inabidi tujue anakoanzia, tumngoje kwa upande."

Sauti ikatoka dirishani. "Mmesimama pabaya nyie!"

Alikuwa Rajabu. Kumbe alikuwa anasikiliza yote.

"Shikamoo babu," alisema Klara. "Sasa tusimame wapi?"

"Marahaba. Nendeni kule kwenye mpeasi. Mtazame mti mkavu."

Tukaenda kwenye mpeasi, ule mti wetu wa matunda ulio mwisho wa ua. Miti mikavu ilikuwa mingi.

"Upi, babu?"

"Ule! Ule pale!"

"Upi, Baba Hamisi? Mkono wako hatuuoni!"

"Watu hawa! Ule uliopasuliwa na radi! Siyo huo! Mama Hamisi, unatazama mikaratusi ya watu!"

Kisha nikasikia mlango. Kisha nikasikia fimbo ikigonga kizingiti.

Nilitaka kugeuka. Klara akanifinya mkono. "Usimtazame, bibi," alininong'oneza. "Tazama kamera."

Nikatazama kamera, lakini macho yangu yalijaa maji. Fimbo ikagonga, ikanyamaza, ikagonga. Pumzi zake zilikuwa za mtu anayepanda mlima. Mwishowe bega lake likagusa langu. Akaegemea mpeasi.

"Ule," alisema, akinyoosha fimbo.

"Nimeuona," nikasema.

Hondohondo mwingine alikuwa hajafika. Tukangoja. Rajabu alikuwa anatetemeka mguu, basi nikamletea kigoda akae. Jua lilikuwa mgongoni mwetu, na Klara akasema hapo ni pazuri, kwa kuwa mwanga utampiga ndege usoni.

"Mbona siku hizi wanapita mmoja mmoja?" nikamuuliza Rajabu. "Zamani walikuwa wawili wawili."

"Ni msimu wa kutaga. Jike yuko ndani ya tundu la mti. Mlango umezibwa kwa udongo, umebaki upenyo tu. Dume anamletea matunda, anamlisha kwa mdomo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka makinda yapate nguvu. Halafu jike anatoka."

"Anabomolewa na mumewe?"

"Hapana. Anabomoa mwenyewe."

Nilifikiria bakuli za uji nilizokuwa napeleka chumbani. Nadhani naye alizifikiria. Klara ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Basi babu, na wewe leo umebomoa."

"Mtoto huyu!" alisema Rajabu, lakini alicheka. Nilikuwa na hamu na kicheko kile kama mtu mwenye kiu.

Mara akanishika kiwiko. "Amefika. Amekaa juu ya mti. Usibonyeze bado. Atainama kwanza, ndipo aruke."

Nikabonyeza nusu. Nikaweka viwiko kwenye mbavu, miguu nikaielekeza bondeni. Ndege akiwa mdogo kwenye kioo, nikamshika hapo hapo.

"Anainama," alisema Rajabu. "Haya, sasa!"

Hondohondo akajitupa hewani. Nikageuka naye kwa kiuno, polepole, kisha kwa kasi, kisha nikashikilia kitufe. Tarararara! Mvumo ukapita juu yetu kama treni ya Korogwe. Sikusimama. Nilimfuata mpaka bondeni.

Tukainamia kioo vichwa vitatu. Ya kwanza ilikuwa imekata bawa. Ya pili ilikuwa mti. Ya tatu, Rajabu akavuta pumzi.

Alikuwa yeye, mzima. Mabawa yamefunguka kama milango miwili. Tumbo jeupe, mdomo mkubwa, na jicho linatutazama.

"Alhamdulillahi," alisema Rajabu.

"Bwana asifiwe," alisema Klara.

Nilimshika Klara mkono nikaubusu, naye akaona haya.

Picha hiyo tuliisafisha Lushoto, sasa iko ukutani kwetu. Nyingine nilimtumia Shamsa, pamoja na ile ya jogoo. Akaniuliza kwa simu, "Bibi, nani amekupigia picha hizi?" Nikamwambia, "Nimepiga mimi, kwa msaada wa Klara na babu yako." Alipiga kelele mpaka sikio likaniuma.

Tangu siku ile, Rajabu hakulala tena mchana. Kila asubuhi alikuja mpaka kwenye mpeasi, maana alisema bila yeye nitapiga picha mikaratusi. Alipozoea mpeasi, akafika kwenye kijito. Goti lilikuwa linauma, akawa analisugua, kisha anaendelea. Tuliporudi hospitali, daktari alilikunja lile goti, akalikunjua, akasema, "Mzee, umefanya kazi."

"Ni hondohondo," alisema Rajabu. Daktari hakuelewa, nasi hatukuwa na haraka ya kumweleza.

Namshukuru Shamsa kwa kamera, na Klara kwa subira yake. Hata yule ndege namshukuru, ingawa alikataa kutulia. Angetulia nilipomwambia, Rajabu angekuwa bado ndani.

Juzi asubuhi niliweka uji mezani. Kabla sijafungua mdomo, Rajabu akasema, "Kitendawili!"

Nilishtuka. "Tega!"

"Jicho langu lina kope moja. Likipepesa, halisahau."

Jibu nililijua. Lilikuwa limening'inia shingoni mwangu. Lakini nilitikisa kichwa.

"Nimeshindwa, Baba Hamisi."

"Basi nipe mji."

"Chukua Mlalo. Nakurudishia."

Akanywa uji wake wote, akafuta ndevu, akachukua kofia na fimbo. Ilikuwa Ijumaa.

"Naufuata mji wangu," alisema, akatoka.

Nilisimama kwenye mpeasi na kamera. Niliweka viwiko kwenye mbavu, nikamfuata polepole kwenye njia ya kushuka, nikabonyeza huku nageuka. Hakuwa na kasi ya hondohondo. Lakini alikuwa anakwenda, nami sikutaka nimkose.