Kihofu cha Mkunjachuma

Mkunjachuma, mashine ya kukunja bati, ulishusha kisu chake kirefu juu ya bati la chuma la milimita sita, na bati likakunjika taratibu kama kanga iliyotoka kupigwa pasi. Kisu kilipoinuka, chuma hakikurudi nyuma hata unywele. Pembe ilikuwa nyuzi tisini kamili.

Nyanzobe Lufunga aliinama akaipima mwenyewe. Miaka ishirini na sita ya kazi ya chuma ilimfundisha kutoyaamini macho yake.

"Nguvu yake ni tani mia moja sitini, kitanda mita tatu," alisema Faraji Mbonde, muuzaji wa jumba lile la mashine. "Kwa milango ya treni inakutosha kabisa, mama."

"Tani hata hiyo nyingine inazo," Nyanzobe alijibu. "Mimi nimekuja kwa ajili ya vidole."

Ulikuwa mwaka 2087, na jiji la Mwanza lilikuwa likining'iniza treni juu ya vilima vyake vya mawe. Karakana ya Nyanzobe, kule Igoma, ilipewa kazi ya kutengeneza milango. Lakini siku arobaini zilizopita mashine yao kuukuu ilimng'oa Mbuke, fundi wake hodari kuliko wote, vidole vitatu. Tangu hapo hakuna aliyetaka kusimama mbele ya mashine ile. Nyanzobe akaapa kwamba mashine mpya ataichagua yeye, kwa kuigusa, si kwa kutazama picha.

Zilibaki mbili za kuchagua. Ya kwanza ililindwa na pazia la mwanga: mkono ukikatiza miale, kisu kinasimama. Ni kinga nzuri, ila ina dosari moja. Ukikunja sanduku, yaani bati lenye kuta pande zote kama mlango wa treni, kuta zake nazo huikatiza miale, kwa hiyo fundi hulazimika kulizima pazia. Hapo hubaki yeye na Mungu wake. Mbuke alikatwa akikunja sanduku, pazia likiwa limezimwa.

Ya pili, mkunjachuma, haikuwa na pazia lolote. Ilikuwa na kihofu.

"Kihofu ndicho kitu gani?"

"Ni hisia, mama. Mashine hii inaogopa. Inajua hiki chuma, hii nyama. Jaribu mwenyewe."

Nyanzobe alitanguliza ncha ya kidole. Kisu kiliruka juu, kikatetemeka. Akaingiza kiganja, kikaruka tena. Mara ya tatu alifumba macho akapitisha mkono mpaka kwenye kifundo. Kisu kiliruka kwa kishindo, na papo hapo, nyuma ya ukuta, kitu kizito kilianguka na mtu akagumia.

"Nani yuko huko?"

"Mafundi wa umeme tu," Faraji alisema, lakini miguu yake ilikuwa imeshakwenda kuziba mlango. Nyanzobe alimsukuma kando akaingia.

Mzee mmoja alikuwa sakafuni, akijivuta kurudi kwenye kiti chake. Nyaya nyembamba kama nywele zilimwingia shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Shati lilikuwa limelowa jasho. Mkono wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili.

Nyanzobe aliujua mkono ule. Ndio uliomfundisha kukunja bati, chuoni, alipokuwa binti wa miaka kumi na tisa. Watu walisema Mwalimu Lutonja amehamia kwa wanawe Biharamulo.

"Shikamoo, mwalimu." Salamu ilimtoka kabla hajajua aseme nini.

"Marahaba, Nyanzobe. Nimekuona kwenye kioo hicho. Hujabadilika, bado unajaribu kitu mara tatu."

Alimsaidia kuketi. "Wamekufanya nini?"

"Mashine hujifunza hesabu, mwanangu, haijifunzi hofu. Walijaribu miaka. Ilisimama, lakini mara moja moja ilichelewa, na kidole hakisubiri. Hofu ya mtu aliyekwisha kukatwa haichelewi." Aligusa waya wa shingoni. "Mikunjachuma mia tatu na kumi na miwili inaiuliza mishipa yangu kila inapokandamiza. Mkono ukiingia, mimi nashtuka, nayo inashtuka pamoja nami."

"Na maumivu?"

"Kama siku ile ile."

Mzee alikauka ghafla. Meno yaligongana, mkono mbovu ukajikunja kifuani, macho yakageuka meupe. Ilidumu pumzi tatu.

"Huyo ni wa Kahama," alisema alipopata sauti. "Amepona. Hata hajui."

"Nani alikulazimisha, mwalimu? Niambie!"

"Nilikuja kwa miguu yangu. Mwaka wa tatu huu, hakuna kidole hata kimoja kilichokatika kwenye mashine hizi. Hata kimoja, Nyanzobe."

"Leo umeshtuka mara ngapi?"

"Kumi na nne. Tatu ni zako."

Nyanzobe alitoka bila kuaga. Alipita mbele ya mkunjachuma akiwa ameficha mikono kwapani, akamwambia Faraji atachukua ile ya pazia, wailete asubuhi.

"Mama, lakini kwenye masanduku..."

"Nimesema ya pazia."

Kesho yake aliwakusanya mafundi wake akawasimulia yote. Wengine walishika vinywa. Aliwaambia masanduku watayakunja polepole, kwa koleo ndefu, na milango ikichelewa, ichelewe. Wakatawanyika kwenda kazini.

Mbuke peke yake alibaki kwenye benchi, bandeji mapajani.

"Umefanya vyema kumhurumia mwalimu wako, mama," alisema.

"Ningefanyaje, Mbuke? Ungemwona..."

"Lakini yeye alikubali." Aliuinua mkono wake uliofungwa, akautazama kama wa mtu mwingine. "Mimi niliulizwa lini kama nakubali kukatwa?"

Langoni, lori lililobeba mashine mpya lilikuwa likipiga honi.