Barabara Isiyo na Mchepuko

"Babu kalala kwenu. Asiamkie ng'ambo."

Ujumbe kutoka Idara ya ujasusi uliingia kwenye simu ya setilaiti ya Rena Tetlichi wakati kivuko kimeshafika katikati ya mto Peel. Aliusoma mara moja, akaufuta, akairudisha simu mfukoni.

Ulikuwa umechelewa.

Maana yake ilikuwa wazi. Alden Rudkin, mhandisi mkuu wa madishi ya setilaiti aliyetoweka juzi mjini Inuvik, alikuwa humohumo ndani ya gari-nyumba aliloliendesha yeye. Na asivushwe mpaka. Kichwani mwa mzee yule mlikuwa na funguo za macho yote yanayoilinda bahari ya kaskazini. Waliomchukua wangemkamua kama ndimu, kisha wangetupa ganda.

Pembeni ya Rena aliketi Bwana Hallam, kofia mpya, buti mpya, tabasamu jipya. Nyuma kwenye kochi alikuwapo Petra, mkewe. Ndoa yao ilikuwa ya kwenye makaratasi tu, hilo Rena alilijua tangu siku ya kwanza, kwa jinsi walivyokuwa wakiitana "mpenzi" kila baada ya sentensi.

Walimjia ofisini Inuvik mwanzoni mwa kiangazi. Walitaka kupangiwa safari: gari-nyumba kubwa, kushuka barabara ya changarawe mpaka Dawson, kuvuka mpaka kuingia Alaska, kulala vijiji vya Chicken na Tok, kuona milima, kuvua samaki Homer. Watalii hasa. Rena, ambaye kazi ya kupangia watu safari ilikuwa vazi tu juu ya kazi yake nyingine, aliwapangia kila kitu, akajiweka na dereva wao. Vivuko. Mafuta. Tairi mbili za akiba, maana mawe ya barabara ile yana meno. Kituo cha kwanza cha kulala alikiweka Eagle Plains, penye pampu ya mafuta, na kwenye pampu hiyo wenzake wanne wa Idara, iliyowashuku wageni hao tangu mwanzo, walikuwa wakisubiri wamevaa ovaroli.

Mpango mzuri. Alijivunia.

Kivuko kiligusa ukingo. Rena akapandisha gari kwenye changarawe.

"Nipe simu," Hallam akasema.

"Ipi?"

Kitu kigumu kikamgusa chini ya sikio. Petra alikuwa amesogea bila kutoa sauti. Glock. Rena hakuhitaji kugeuka kujua kwamba ni bastola.

"Ileile unayoisoma na kuifuta, mpenzi," Petra akasema.

Hallam aliichukua, akashusha kioo, akaitupa mtoni. Kisha akatoa kifaa mfano wa kalamu nene, akakipitisha kwenye dashibodi, kwenye kiti, kwenye koti la Rena. Kilipofika kifungo cha pili, alimoficha kifaa cha kuonyesha alipo, kikalia. Akakinyofoa kifungo, nacho kikafuata simu.

"Sasa tumekuwa familia," akasema. "Endesha."

Akaendesha.

Kwenye kioo cha pembeni aliona magogo yakija na maji, makubwa, yakibiringika. Mto ulikuwa umefura kwa mvua za milimani. Mfanyakazi wa kivuko alikuwa akivuta mnyororo kufunga njia. Waliokwishavuka wamevuka. Kutoka kaskazini hatakuja mtu tena.

"Nimebadilisha ratiba yako kidogo," Hallam akasema, kwa sauti ya mteja mstaarabu. "Eagle Plains hatufiki. Kabla ya pale barabara inapanuka, si ndiyo?"

Kila mtu wa huku anapajua pale: kipande kirefu kilichonyooka, kimepanuliwa makusudi ili ndege ndogo itue wakati wa dharura.

"Ndege yangu itatua pale. Itambeba mzee, itambeba Petra, itanibeba mimi. Wewe utabaki na mbu."

Wenzake wanne wangekaa pampuni mpaka kesho, wakisubiri gari ambalo halitafika. Rena alikuwa amekalia kuti kavu, na kuti lenyewe alilikata kwa mkono wake.

Aliogopa. Wapelelezi wa kwenye hadithi hawaogopi. Huyu aliogopa, mpaka viganja vikateleza kwenye usukani. Alitazama kulia, alitazama kushoto. Nyika. Mimea ya kutambaa, mawe, vichaka visivyofika magotini. Hata sungura asingepata pa kujificha. Jua nalo, kama kawaida ya kiangazi cha huku, lilikuwa juu na halikuwa na nia ya kuzama, si leo wala wiki hii. Usiku, rafiki wa wote wenye kazi kama yake, ulikuwa umekwenda likizo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilitoka chini ya kitanda cha nyuma. Dhaifu, kama ya mtu anayegonga kwa kifundo cha kidole.

"Nyamaza, babu!" Petra akapiga teke ubao.

Kugonga kukakoma. Rena akamkumbuka Ida, mke wa Rudkin, aliyemkaribisha jana mchuzi wa kulungu na hakutoa hata chozi. Aliuliza swali moja tu: "Utanirudishia?" Rena alisema ndiyo. Alisema kirahisi.

Walipanda mlima, wakashuka mlima. Kwenye kona moja, mbele, pikapu nyekundu ilikuwa imesimama ukingoni, boneti wazi. Mwanamke mzee mnene alikuwa amekaa juu ya ndoo, akichuma matunda ya mwitu akingoja msaada, hana wasiwasi hata kidogo.

Mguu wa Rena ulikwenda breki wenyewe.

"Unafanya nini?" Hallam akauliza.

"Gari limeharibika."

"Nimeliona. Kanyaga."

"Huku watu husimama."

"Wewe leo si watu. Kanyaga!"

Glock ikamsukuma sikio.

Rena akatii. Na akatii kupita kiasi. Kwenye barabara ile hata adui yako ukipishana naye unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Rena hakuinua. Alikaza macho mbele, mikono yote miwili juu ya usukani, akampita yule mama na kumtilia vumbi la kumtosha mwaka mzima.

Yule mama alikuwa Shangazi Effie, dada wa baba yake.

Hazikupita dakika nyingi. Redio ya upepo iliyofungwa juu ya kioo, ile ya madereva kuambiana magari makubwa yanakopita, ikakohoa.

"Nani huyo kanipita na nyumba ya magurudumu? Eti nani? Rena Tetlichi! Nimekuona, mwanangu, usijifanye hunisikii! Hata kidole? Hata kidole, Rena? Nimekuvalisha nepi mimi!"

Hallam akacheka mpaka kofia ikamshuka machoni.

"Ni nani huyo?"

"Shangazi yangu."

"Ana mdomo!"

"Hasira zitamwisha," Rena akasema.

Redioni sauti nzito ya kiume ikaingia. "Shangazi, una hakika ni Rena?"

"Wewe Wilfred, mimi kipofu? Kanipita kama nimekufa! Na hakugeuka."

"Hakugeuka?"

"Hakugeuka."

Redio ikanyamaza. Hallam akaizima, bado anatabasamu. Aliona bibi kizee aliyeudhika, basi. Hakujua kwamba huku mtu hampiti aliyekwama. Anaweza kuwa mlevi, mwizi, hata mgombea ubunge, atasimama tu, maana baridi ikija atakwama yeye. Anayepita ana jambo moja kati ya mawili: amepatwa na wazimu, au haendeshi kwa hiari yake. Na Rena hakuwa na historia ya wazimu.

Lakini je, hao wa redioni wangefika kwa wakati? Hilo ndilo lililomchoma. Ndege nayo ilikuwa njiani.

Barabara ikapanuka. Ikanyooka.

"Weka pembeni kabisa. Zima."

Hallam akamfunga mkono wa kushoto kwenye usukani kwa kamba ya plastiki, akaukaza mpaka vidole vikabadilika rangi. Akashuka na darubini. Petra akabaki nyuma ya kiti, bastola mapajani. Mbu wakaingia, wakajihudumia. Rena hakuthubutu hata kujikuna. Chini ya kitanda hapakugongwa tena, na ukimya ule ulimtisha kuliko bastola.

Akasubiri. Mkono wa kulia ukashuka taratibu mpaka kwenye bizimu ya mkanda wa kiunoni. Nyuma ya bizimu ulifichwa wembe mwembamba wa chuma. Hakuutoa. Bado.

Vumbi likaonekana kwenye kioo.

Lilikuwa greda. Greda la njano la kukwangulia barabara, likija polepole kama halina mke wala watoto. Likapita gari-nyumba, likasimama katikati ya barabara. Wilfred, yule wa redioni, akashuka, pande la mtu, na bunduki ya kufukuzia dubu begani. Nyuma yake likaja lori la mafuta. Nyuma yake, magari-nyumba mawili ya wastaafu. Na mwisho, ikifuka moshi, pikapu nyekundu.

"Jamani, tuko salama!" Hallam akawaendea mikono wazi. "Hatuna shida yoyote. Mnaweza kwenda."

Shangazi Effie alimpita kama unavyopitwa mti. Akaja mpaka dirishani. Rena akasikia mdomo wa bastola ukizama mbavuni, kupitia mgongo wa kiti. Petra alikuwa ameshatupia koti juu ya mkono uliofungwa.

"Unaumwa?" Shangazi akauliza.

"Hapana, shangazi."

"Nilikukosea?"

"Hapana."

"Basi nini?"

"Nina haraka, shangazi," Rena akasema. "Naomba muondoke."

Shangazi Effie akamtazama. Tangu Rena azaliwe hajawahi kumfukuza mtu mzima, na mama yule hakulelewa na wajinga. Akamtazama usoni, akalitazama koti lililotandazwa juu ya usukani katikati ya kiangazi. Kisha akamgeukia Hallam.

"Huyu mtoto ana haraka," akasema. "Tutakaa hapa mpaka imwishe. Wilfred! Teremsha jiko. Nyie wazee, leteni viti. Tunakunywa chai."

"Hapa? Barabarani?" Hallam akauliza.

"Kwani ya kwenu hii?"

"Mama, tafadhali, mimi..."

"Kaa chini, mwanangu, umechoka. Una sukari kwenye gari lako? Huna? Watu wa mijini mnasafirije?"

Viti vikatandazwa. Lori likapaki likikingama. Pikapu ikakaa huku, magari-nyumba kule, mbwa katikati, watu wakisogea na vikombe na samaki mkavu kwenye karatasi. Barabara pana iliyoweza kubeba ndege ikawa uwanja wa arusi. Hallam alisimama katikati yao na kikombe alichoshikishwa kwa nguvu, jasho likimtiririka. Mtu mmoja mmoja angeweza kumtishia. Hawa walikuwa wengi, na wenye adabu mno.

Kisha mngurumo.

Ndege ilitokea kusini, nyeupe, magurudumu chini. Ikashuka. Ikashuka zaidi. Rena akaona kioo chake kikimeta. Ikalifikia greda, ikapaa ghafla na kupita juu yao kwa kishindo, vikombe vikamwagika. Ikazunguka. Ikajaribu tena. Mstaafu mmoja akasimama juu ya kiti, akaipungia kofia kwa furaha.

Petra akainama dirishani kuitazama. "Itue! Itue tu!"

Wembe ukatoka. Kamba ikakatika.

Kiwiko cha Rena kilimpata Petra chini ya kidevu. Bastola ikalia mara moja, paa likatoboka, jua likaingia. Rena akamshika kifundo cha mkono, akakipinda, Glock ikaanguka kwenye zulia, na Petra akaifuata.

"Lala hapo, mpenzi," Rena akasema.

Nje, mlio ule uliwanyamazisha wote. Mkono wa Hallam ulikuwa umeshaingia ndani ya koti.

Ukagandia humo.

Wilfred hakuwa ameinuka kitini. Alikuwa na chai mkono mmoja, na bunduki ya dubu magotini, ikimtazama Hallam tumboni. "Utoe pole pole," akasema. "Utatia watu uchafu kwenye chai."

Hallam akautoa mtupu. Juu, ndege iliyumbisha bawa, ikarudi ilikotoka, ikawa kidoa, ikapotea.

Rena alikuwa ameshapiga magoti kwenye kitanda cha nyuma. Akang'oa ubao kwa spana. Rudkin alikuwa amejikunja kama mtoto, midomo imepasuka, macho yamefumba. Rena akaweka sikio kifuani pake, na kwa muda kidogo hakusikia kitu isipokuwa moyo wake mwenyewe.

"Nipe maji," yule mzee akanong'ona.

Rena akalia. Kidogo tu, na mgongo wake ukiwa mlangoni.

Aliichukua simu ya setilaiti ya Hallam, akabonyeza namba aliyoijua kwa moyo.

"Kituo, nasikia," sauti ikajibu.

"Babu kaamka. Wageni wawili wamefungwa. Ndege nyeupe, injini mbili, imeelekea kusini. Walio pampuni waje. Wapite polepole, barabara ina watu."

"Watu gani?"

"Wanakunywa chai."

Akakata. Akapiga namba nyingine, akaiweka simu sikioni mwa Rudkin. "Sema naye," akamwambia. Mzee akasikiliza. "Ida," akasema, "usiwape watu suruali zangu, sijafa." Rena akatoka nje kuwaachia faragha.

Hallam na Petra walikuwa wamefungwa kwenye tairi la greda kwa minyororo ya kuvishia tairi wakati wa theluji, wakiliwa na mbu, Wilfred akiwalinda. Rena akawapita bila kugeuka. Akavaa miwani ya jua, akaisukumia Glock mkandani, akaenda kwenye pikapu nyekundu, ambamo Rudkin alikuwa akiingizwa taratibu, blanketi mabegani.

Akafungua mlango wa mbele.

"Unakwenda wapi?" Shangazi Effie akauliza.

"Napanda. Pana nafasi ya watatu."

"Nimeona."

"Shangazi, nilikuwa na bastola sikioni!"

"Sikio lilikuwa na bastola. Kidole kilikuwa na nini?" Akawasha gari. "Nyuma."

Rena Tetlichi, aliyeiokoa nusu ya kaskazini alasiri ile, akarekebisha miwani yake, akapanda nyuma, akakaa juu ya gunia la samaki mkavu karibu na mbwa.