Tope Tamu la Hori

Mastura alianza kulilia udongo mimba ilipochomoza, na hilo halikumshtua mtu. Mwanamke gani wa Ngamiani hajatafuna udongo akiwa na mimba? Kilichomshangaza mama mkwe wake, Bi Zuleha, ni kwamba vidonge vya udongo vya sokoni alivitema. Alitaka tope la hori, lile la nyuma ya mikoko wanakookota chaza, ambako siku hizi watu huyeyusha betri mbovu za magari na kumwaga masalia majini.

"Tamu, mama. Kama sukari guru."

Bi Zuleha, ambaye kwa ajili ya mjukuu angechota hata jehanamu, akamchotea ndoo nzima. Akafinyanga vidonge, akavianika juu ya bati, akavifukiza udi, na mtaa mzima ukatangaziwa yeye ni mkwe wa namna gani.

Basi nyumba ikaanza kunuka chuma chenye jasho. Kisha, mchana kweupe, Bi Zuleha akipepeta mchele, akasikia ng, ng, ng, kama kwamba kuna fundi bati chumbani. Alipochungulia, Mastura kalala chali, mdomo wazi, na mlio unatoka tumboni.

"Mama," akanong'ona, "mikono hainyanyuki."

Bi Zuleha alitoka na kandambili za watu wawili tofauti, akamleta Bi Tausi, fundi wa kupunga majini, mwenye maringo yake, anayejisifu hajawahi kushindwa. Chetezo kikawekwa makaa, ubani ukapanda hadi darini, dua zikasomwa, na kadiri zilivyosomwa ndivyo Mastura alivyozidi kuwa mzito, godoro likididimia, kitanda kikilia, ile harufu ya chuma ikimeza ubani wote, hata Bi Zuleha akajikuta ameshika mguu wa mkwewe kama anayezuia mtu asizame.

"Nani wewe?" Bi Tausi akauliza.

Kinywani mwa Mastura ikajibu sauti ya mwanamume mgonjwa. "Mwenyeji wa hori."

"Umemwingiliaje mtoto wa watu?"

"Sikuingia. Nilijificha topeni, mkanila."

"Wataka nini? Marashi? Halua?"

"Sitaki kitu. Msinirudishe kule tu. Nitakwenda Maramba, nikae hata kisimani."

Bi Tausi akaguna. "Jini la maji chumvi likimbilie mashambani! Haya, toka, umwachie mtoto."

"Mtoto sikumshika mimi. Tuko wawili humu, bibi. Mwenzangu alimwagwa horini, hana masikio. Dua haisikii, ubani haunusi. Na hakuja kutembea."

Mastura akapiga chafya. Pazia la mlango likapepea kuelekea uani, likatulia.

Bi Zuleha akapiga kigelegele, akakikatiza. Bi Tausi alikuwa anakunja mkeka.

"Mpeleke hospitali, Zuleha. Sasa hivi."

"Kwani hujamtoa?"

"Nimemtoa yule anayeogopa."